Kuhamia Malindi mke na mume kutoka Tanzania: mwongozo kamili wa karatasi, nyumba na kazi

Kila msimu ukikaribia nabishiwa hodi na watu wa kwetu, wa Tanga, Pemba, hata Dar, mke na mume waliokuja Malindi, pwani ya Kenya, kutafuta maisha wakakwama mwezi wa nne au wa tano. Nikiwauliza walipokwamia, jibu halibadiliki. Mume ana karatasi, mke hana. Au wote wana muhuri wa mpakani na wanadhani muhuri ule ni ruhusa ya kazi.

Haya ndiyo makosa mawili ninayotaka yaishe. Nimeandika hatua kwa mfuatano wake kwa sababu kila karatasi huzaa inayofuata: ukiruka moja, ya tatu mbele itakataa. Na kila mahali nilipoandika "wote wawili", nina maana ya wote wawili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kupanda gari

- Pasipoti mbili, zenye muda usiopungua mwaka na nusu. Hati ya safari ya dharura itawavusha mpaka, lakini haitawafikisha kwenye kibali. Msidanganywe kwamba kitambulisho cha NIDA kinatosha: utaratibu wa kusafiri kwa kitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo.
- Cheti cha ndoa halisi. Kama mliozwa na shehe na mkabaki na karatasi ya msikitini tu, isajilini ndoa kwanza mpate cheti cha serikali.
- Vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, na vya watoto kama wapo.
- Vyeti vya shule na vya ufundi. Hata cheti cha veta cha ushonaji kina kazi huku.
- Kadi za chanjo ya homa ya manjano. Ni bora kuwa nayo kuliko kubishana dirishani.
- Picha za pasipoti, angalau kumi kila mmoja, na nakala mbili mbili za kila kitu katika bahasha mbili tofauti. Bahasha moja abebe mke, nyingine mume.
- Fedha ya kodi ya miezi miwili na chakula cha miezi mitatu. Chini ya hapo mtashika kazi yoyote kwa njaa, na kazi ya kushikwa kwa njaa ndiyo isiyo na mkataba.

## Hatua ya 1: Nyoosheni majina mkiwa bado nyumbani

Wekeni karatasi zote mezani, someni majina herufi kwa herufi. Mwanamke ameandikwa Mwanahamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwanakhamis kwenye pasipoti, na kwenye cheti cha ndoa ameandikwa jina la baba bila la babu. Kwetu sote twajua ni mtu mmoja. Kompyuta ya uhamiaji haijui.

Rekebisheni huko huko, kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au kwa kubadili cheti kwenye ofisi ya usajili wa vizazi (kwa wa Bara ni RITA). Mkishavuka, karatasi moja ya kusahihisha jina itawagharimu safari nzima ya kurudi.

Mmefaulu ikiwa mtu asiyewajua anaweza kushika karatasi zenu zote akazipanga mafungu mawili bila kuuliza.

## Hatua ya 2: Chagueni mwezi

Malindi huishi kwa misimu. Wageni hujaa Julai na Agosti, kisha kuanzia Desemba hadi Machi. Aprili hadi Juni kuna mvua na kusi, Mto Sabaki humwaga tope na bahari ya mjini hugeuka rangi ya udongo, hoteli nyingi hufunga na wafanyakazi hupewa likizo isiyo na mshahara.

Mimi huwaambia watu waje Septemba au mwanzo wa Oktoba. Mnapata wiki kadhaa za kutulia kabla hoteli na nyumba za wageni, huku na Watamu, mji jirani, hazijaanza kutafuta wapishi, mafundi na wasafishaji. Mkifika Mei kodi ya nyumba inajadilika, hilo kweli, lakini mtakula akiba yote mkisubiri.

Wavuvi wana hesabu yao. Wapemba wamezoea kuja dago, kambi ya wavuvi, na kaskazi, na wengi wanawajua wenyeji wa kuwapokea. Hata hivyo siku hizi fika kwanza kwa BMU, kamati ya kusimamia ufuo, ya bandari utakayovulia, ndio wanaosajili wavuvi na vyombo. Asiyepita kwao hugombana na ufuo mzima.

## Hatua ya 3: Mpakani

Njia ya kawaida ni Tanga, Horohoro, Lunga Lunga, Likoni, Mombasa, Malindi. Kutoka Lunga Lunga hadi Mombasa ni kama kilomita 100, na Mombasa hadi Malindi kama 120. Feri ya Likoni haina nauli kwa mtembea kwa miguu.

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi viza ya Kenya, wala haombi ile idhini ya safari ya mtandaoni iliyoanza Januari 2024. Kuna vijana kandokando ya barabara huwauzia watu "fomu". Msinunue fomu.

Dirishani semeni ukweli: tunakwenda Malindi, mke na mume, tutakaa. Ombeni miezi sita, kwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inaruhusu pasi ya hadi miezi sita. Kisha, kabla ya kuondoka dirishani, fungueni pasipoti mbili zote na kuangalia tarehe. Nimeona mume akipewa miezi sita na mke mwezi mmoja, kwa sababu tu mke alisimama nyuma na hakuulizwa kitu.

Onyo: muhuri huu ni wa kukaa. Si wa kuajiriwa, si wa kufungua kibanda cha chipsi. Wako wanaorudi Lunga Lunga kila unapokwisha, wakatoka na kuingia siku hiyo hiyo, miaka na miaka. Siku mwajiri anapokaguliwa ndipo wanapojua kwamba kugonga muhuri si kibali.

## Hatua ya 4: Siku tatu za mwanzo

Fikieni kwa jamaa au gesti ya bei nafuu karibu na stendi. Msitafute nyumba siku ya kwanza mkiwa na mabegi. Dalali akiona begi, bei hupanda.

Sajilini laini mbili za simu kwa pasipoti mbili, na kila laini iwe na M-Pesa yake. Huku kodi, tokeni za stima (umeme), mchicha wa mama mboga, hata nauli ya tuktuk hulipwa kwa simu. Mke asiye na laini yake huombaomba fedha ya mboga na hana rekodi ya malipo hata moja kwa jina lake. Kutoka M-Pesa ya Tanzania mnaweza kujitumia fedha moja kwa moja, kwa hiyo si lazima mbebe noti zote mfukoni.

Zoezeni pia vichwa vyenu bei. Shilingi moja ya Kenya ni karibu shilingi 20 za Tanzania. Mtu akikwambia chumba ni elfu nne, masikio ya nyumbani yatasikia bure.

Siku ya tatu nendeni kwa mzee wa mtaa, kisha kwa chifu. Chifu ni mtumishi wa serikali, na barua yake hufanya kazi ile inayofanywa kwetu na barua ya serikali ya mtaa. Mtaihitaji mara nyingi. Nendeni pamoja, mjulikane sura zote mbili.

## Hatua ya 5: Nyumba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Kwetu tumezoea kulipa miezi sita au mwaka mzima mbele. Malindi kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, na mwanzoni hutoa mwezi mmoja wa amana, wenyewe huita dipoziti. Watanzania wengi hufika wakatoa miezi sita kwa heshima, wakidhani wananunua utulivu. Maji yakakatika wiki ya pili, na hawana cha kumshikia mwenye nyumba. Lipeni kama wenyeji wanavyolipa.

Mitaa ya kuanzia kwa mfuko wa kawaida ni Maweni, Barani, Majengo, Kisumu Ndogo na Muyeye. Shella ni mji wa kale, nyumba zake zimebanana na majirani wanajuana kwa koo. Ukipata chumba huko umepata ulinzi. Casuarina ni kwa wenye majumba ya ufuoni; huko mtakwenda kufanya kazi kwanza.

Mkifika kwenye nyumba angalieni haya kwa mpangilio huu:

1. Maji. Fungueni bomba na muonje. Maji ya mfereji ya Malindi hutoka Baricho, kwenye Mto Sabaki, na ni matamu. Maji ya visima vingi karibu na bahari yana chumvi: yafaa kufulia na kuogea, hayafai chai. Ulizeni mfereji hutoka siku gani na kama kuna tangi.
2. Stima. Kila chumba kina mita yake ya tokeni, au mmeunganishwa? Tokeni ndiyo Luku ya huku. Mita ya pamoja huleta ugomvi kuliko mwizi: mmoja ana friji, mwingine ana taa moja, na bili hugawanywa sawa.
3. Paa na upepo. Bati bila dari litawapika Februari na Machi. Makuti ni baridi, lakini ulizeni yaliezekwa lini.
4. Choo. Hesabuni milango inayokitumia.

Sasa mkataba. Uandikwe, hata ukurasa mmoja wa daftari, wenye kiasi cha kodi, kiasi cha dipoziti, notisi ya mwezi mmoja, na majina yenu mawili kamili na sahihi zenu mbili. Sisi chumba chetu cha kwanza kiliandikwa jina la mume wangu peke yake. Akapata kibarua Mombasa, mimi nikahamisha vitu, na mwenye nyumba akakataa kunirudishia dipoziti: alisema hanitambui, mpangaji wake ni mwanamume. Nilikuwa nimelala pale miezi saba na kumlipa kodi mwenyewe kwa mkono wangu. Fedha ile haikurudi. Tangu siku hiyo, karatasi isiyo na jina langu hatuitii sahihi, si mimi wala mume wangu.

Dalali hulipwa baada ya funguo, si kabla. Anayetaka "ya kuonyesha" kila nyumba ni biashara ya kuzungusha watu.

Mmefaulu ikiwa mna funguo mbili, mkataba wenye majina mawili, na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kwanza mliouhifadhi.

## Hatua ya 6: Kibali cha kazi

Njia ni mbili, na kosa ni kuzichanganya.

Mkiajiriwa. Tafuteni mwajiri anayekubali kuandika mkataba. Chini ya Itifaki, mwenye mkataba unaozidi siku 90 anatakiwa aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe. Kibali cha kwanza hutolewa kwa muda usiozidi miaka miwili, kisha huongezwa. Mkataba wa siku 90 au pungufu huombewa pasi maalumu.

Maombi hufanywa kwenye mfumo wa idara ya uhamiaji mtandaoni. Kwa kawaida huhitajika barua ya mwajiri, mkataba, vyeti vyenu, nakala ya pasipoti, picha, pamoja na cheti cha usajili na PIN ya mwajiri, yaani namba yake ya mlipa kodi. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazochelewesha. Ombeni siku mnayotia sahihi mkataba, msingoje baadaye, kwa sababu mwenye hoteli akishasafiri msimu ukiisha, karani wake hawezi kuzitoa.

Mkijiajiri. Mshonaji, mpishi wa nyumbani, fundi wa mbao mwenye karakana yake: huyu huomba kibali cha biashara. Kwa wageni wengine ajira ni kundi D na biashara ni kundi G; raia wa Afrika Mashariki wana kundi lao, R. Mkiwa mbele ya fomu tafuteni kwanza sehemu inayohusu raia wa Afrika Mashariki, na ulizeni ada ya raia wa Jumuiya kabla ya kulipa chochote. Msikubali kuhesabiwa kama mgeni aliyetoka ng'ambo.

Na mwenzi je? Wengi humwombea mke pasi ya mtegemezi kisha anaanza kazi kesho yake. Itifaki, kwenye kifungu cha 10, inampa mwenzi wa mfanyakazi haki ya kuajiriwa au kujiajiri. Lakini pasi ya mtegemezi ni ya kuishi. Anayetaka kufanya kazi aombe kibali chake mwenyewe kwa jina lake. Haki iliyo kwenye itifaki na karatasi iliyo mkononi ni vitu viwili, na askari ataomba karatasi.

Ushauri wangu kwa wenye uwezo: ombeni vibali viwili tangu mwanzo. Mke anayetegemea pasi ya mumewe, mume akifutwa kazi, wote wawili wamekwisha siku moja.

Onyo: hutokea mtu mwenye gari safi akasema ana ndugu Nairobi, atawatolea kibali kwa wiki moja. Maombi yenu yana akaunti yenu, na kila malipo hutoka na risiti yenye namba. Kama hamwezi kuyaona wenyewe kwenye mfumo, hakuna maombi. Mkikwama kweli kweli, nendeni ofisi ya uhamiaji hapa Malindi, na kwa jambo la uraia wenu kuna Ubalozi mdogo wa Tanzania Mombasa. Hamna haja ya kufika Nairobi.

Mmefaulu ikiwa kibali kimeidhinishwa na kutolewa kwa jina la kila anayefanya kazi. Karatasi ya "maombi yamepokelewa" bado si kibali, ingawa itunzeni.

## Hatua ya 7: Kadi ya mgeni, PIN na bima

Mgeni anayekaa Kenya zaidi ya siku 90 hujiandikisha apate kadi ya mgeni. Watu huidharau kadi hii, nayo ndiyo mlango wa kila kitu: bila namba yake PIN ya kodi haipatikani, na bila PIN benki na leseni hazisogei. Alama za vidole huchukuliwa za kila mmoja, kwa hiyo hakuna kumwakilisha mwenzio.

PIN ikishatoka, kuna jambo limewaponza wengi: kila mwenye PIN hutakiwa kuwasilisha ritani kufikia tarehe 30 Juni, kwa mapato ya mwaka uliopita. Hata kama hukuingiza senti. Mke aliyechukua PIN akakaa nyumbani huwasilisha ritani ya sifuri, la sivyo faini hujikusanya kimya kimya.

Bima ya afya ya serikali ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF ya Kenya tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mwenzi na watoto lazima waandikwe kwenye usajili, hawaingii wenyewe. Hapo ndipo cheti cha ndoa kinapodaiwa tena, na ndipo utakapoishukuru Hatua ya 1. Kwenye karatasi ya mshahara mtaona pia makato ya NSSF na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba za bei nafuu. Mwajiri asiyekata chochote hawafanyii hisani: maana yake hamko kwenye vitabu vyake.

## Hatua ya 8: Biashara ndogo

Kwa kibanda, duka au cherehani ya barazani mnahitaji leseni ya biashara ya Kaunti ya Kilifi. Anayegusa chakula apimwe na afisa wa afya ya jamii apate cheti chake, na si yule aliye mbele ya jiko tu, anayepakua pia.

Anzeni na kitu ambacho mikono yenu inakijua. Vitumbua na mahamri viko kila kona, lakini nimeona mama wa Tanga akisimama kwa bada tu, sima ya muhogo, watu wakimfuata. Semeni "sima" mkiwa sokoni, "ugali" wataelewa ila mtajulikana wageni mara moja na bei itajua pia.

## Hatua ya 9: Ardhi, ambayo msiiguse mwaka wa kwanza

Mtaonyeshwa kiwanja. Mkishapata marafiki, hazipiti wiki tatu kabla hamjaonyeshwa.

Katiba ya Kenya, kifungu cha 65, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Ardhi ya kilimo ina vizuizi vyake zaidi. Makubaliano ya mkono yaliyoandikwa mbele ya mashahidi watatu chini ya mwembe hayageuzi hilo.

Pwani hii pia kuna nyumba isiyo na ardhi: wewe wanunua kuta na paa, udongo ni wa mtu mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Si utapeli, ni desturi ya miaka mingi, na Majengo ziko tele. Lakini muuzaji asipowaambia, mtadhani mmenunua vyote. Ulizeni kwa maneno haya haya: "Hii ni nyumba na ardhi, au nyumba peke yake?" Kisha mwulizeni jirani swali lile lile.

## Kalenda ya ukutani

Chukueni karatasi moja, ibandikeni nyuma ya mlango, muandike safu mbili, ya mke na ya mume. Katika kila safu: tarehe ya mwisho ya pasi, ya kibali, ya kadi ya mgeni, ya leseni, ya pasipoti, na 30 Juni ya ritani. Kuongeza kibali anzeni miezi mitatu kabla hakijaisha. Ikitokea tarehe ya mmoja inatangulia ya mwenzake kwa miezi kadhaa, ombeni pamoja kwenye ile inayotangulia, ili safari ya ofisini iwe moja na wote muwepo.